Rambirambi za Babu wa Liuyang

Mchina akikukaribisha kwao, utaulizwa habari za ukoo wako kabla chai haijapoa, na habari za ukoo bila picha hazihesabiki. Baba yako anafanya kazi gani? Onyesha. Dada zako wameshaolewa? Onyesha. Nyumba yenu ina ghorofa ngapi? Hapo ndipo wengi wetu huanza kuisaka ile picha iliyopigwa kwa mbali, ambayo ghorofa la jirani limeingia pembeni na mtu akiona shauri yake.

Nilikuwa nasoma Changsha, makao makuu ya jimbo la Hunan. Watanzania tumepita wengi pale, na aliyepita hasahau mambo mawili: joto la Julai lenye unyevu wa kukamua shati, na pilipili. Kule chakula ni kisingizio tu. Wenyewe wana msemo kwamba wa Sichuan haogopi ukali, wa Guizhou ukali haumtishi, ila wa Hunan anaogopa chakula kisije kikakosa ukali. Mao alizaliwa huko huko, Shaoshan, na mapenzi yake kwa pilipili utahadithiwa kana kwamba nayo ilishiriki mapinduzi. Mwaka 2018, pale Ningxiang, jirani na Changsha, watu waliingia kwenye bwawa lenye pilipili zinazoelea, wakakaa humo na maji yao kifuani, wakashindana kula. Mshindi alimaliza 50 kwa dakika moja na sekunde chache. Nilipoonyeshwa ile video nilicheka sana, nikasema hawa watu hawana kazi.

Rafiki yangu wa maabara anatoka kijiji kimoja cha Liuyang, upande wa mashariki wa Changsha. Liuyang ndiko kwenye viwanda vya fataki zinazorushwa dunia nzima (nasema zile zinazolipuka, sio wale akina Fataki wa matangazo ya zamani ya redio, watu wazima wanaorubuni wasichana). Wiki ya mapumziko ya Oktoba Mosi, Siku ya Taifa lao, bibi yake mzaa baba alikuwa anatimiza miaka 80, na ukoo mzima ulikuwa unarudi nyumbani. Akaniambia twende wote. Akapiga simu mapema kuwaeleza kwamba mgeni hali nguruwe, hanywi pombe, na mlango wa choo itabidi ainame.

Kwa watu huendi mikono mitupu. Mimi nilikuwa na chupa ya Shangazi. Shangazi yangu anauza pilipili Tanga, Soko la Mgandini, na kila anapopata mtu wa kuja China hunitumia chupa ya pilipili mbuzi nzima nzima, amezitosa kwenye maji ya ndimu, chumvi na vitunguu saumu, juu kaifunga nailoni, juu ya nailoni kitambaa cha kanga kuukuu, juu ya kanga gundi ya karatasi mpaka huwezi kujua kama ni chupa au bomu. Chupa ile ilikuwa haijafunguliwa. Watu wa Hunan na pilipili, nikasema, hapa nimefika.

Tukapokewa vizuri kupita kiasi. Uani turubai, meza za duara, benchi, akina mama wanapangua vibakuli vidogo vidogo vya vyakula vya mvuke, ndio upishi wa Liuyang huo. Ndani, sebuleni, ukutani katikati, kuna picha kubwa ya marehemu babu, nyeusi na nyeupe, ametulia, anatazama mbele. Chini yake kimeza chenye machungwa na udi unafuka. Nyumba nyingi za vijijini kule zina picha ya namna hiyo. Naomba muikumbuke.

Tukaketi chini ya babu. Bibi akaniambia nitoe simu.

Bibi wa miaka 80 anakuza picha kwa vidole viwili kwa kasi kunishinda mimi. Alianza na Mama: Mama kwenye harusi, sare ya zambarau, kilemba. Bibi akamkuza, akazikuza hereni, akazihesabu bangili, akasema jambo na meza nzima ikaitikia. Rafiki yangu akanitafsiria: "Anasema mama yako ana mwili wa heshima." Akaja Mzee na baiskeli yake. Bibi akauliza gari liko wapi. Nikasema limekwenda gereji.

Shida ya kumpa mtu simu aangalie picha moja ni kwamba hakuna binadamu anayeangalia picha moja. Simu ikaondoka mkononi mwa Bibi ikaenda kwa shangazi yao, ikaenda kwa shemeji, kila mmoja anasukuma kwa kidole, na mimi huku nimenyoosha shingo nahesabu kilicho mbele. Wakaipita Idi. Wakaipita mbuzi wa Idi, kabla na baada. Wakafika kwenye picha niliyojipiga mbele ya kioo, kifua wazi, ule mwezi nilioanza mazoezi. Ikakaa pale muda mrefu. Mama mmoja akanitazama mimi, akaitazama simu, akanitazama tena, akanisogezea kibakuli cha mayai.

Na Bibi naye akaleta albamu yake. Haki ni kwa wote. Humo ndimo tulipomkuta kitinda mimba wake, ambaye hapa nitamwita Ami, asije akachanganywa na baba mdogo wangu mimi, atakayeingia baadaye na mambo ya hela. Ami ni mtu mzima, kifua mbele, sauti ya kuamrisha lori lirudi nyuma. Kwenye albamu alikuwa na miaka miwili hivi, kageuka kwa kamera anaokota kitu, amevaa ile suruali ya watoto wa Kichina ya zamani iliyopasuliwa nyuma ili mtoto asiisumbue familia. Bibi akaikuza kwa vidole viwili. Ile ni karatasi, haikukua, lakini nia ilionekana, na meza ilicheka mpaka vijiti vikaanguka.

Ami hakucheka. Akavuta simu yangu, akaanza kusukuma na yeye kwa hasira, kama anayetafuta ya kwangu ya umri ule. Akaangukia kwa Shangazi.

Ile picha ya Shangazi naipenda. Amekaa sokoni kwenye kigoda, miguu kainyoosha, mapajani ungo umejaa pilipili mbuzi, nyekundu, njano na za kijani, na nyuma yake magunia. Anacheka na kamera. Ami aliacha kutafuna.

"Hizi zote mnakula?"

"Kwetu pilipili haikosi mezani," nikajibu. Rafiki akatafsiri, tena akaongeza chumvi kidogo, nilimsikia.

Na ni kweli haikosi. Kwa asiyejua pilipili mbuzi ya Tanga inavyokaa mezani, nieleze. Maharage ya nazi yakikaribia kuiva, unaidondosha nzima, na kikonyo chake, inaelea juu. Hairuhusiwi kupasuka. Kazi yake ni harufu. Mpishi anakoroga kwa kuizunguka, na ole wake mwiko uitoboe, maana Mzee atasukuma sahani na siku hiyo mtalala hamsalimiani. Ukipakua, unaitoa kwa heshima unaiweka kisosini, na hapo kisosini ndipo inapokaa mezani mpaka vyombo vinaoshwa. Mimi nimekua na pilipili mbuzi miaka yote, hatujawahi kuingiliana. Shangazi mwenyewe, muuzaji, ana vidonda vya tumbo, anakula ugali na mlenda.

Sasa haya yote ungeyasemaje kwa Kichina, na Ami keshasimama?

Amesimama, amenyanyua mikono, anatangazia uani kwamba mgeni anatoka ukoo wa pilipili, ushahidi upo kwenye simu, na leo Hunan na Afrika zitakutana. Watoto wakaja mbio. Kiti kikawekwa kwa Bibi awe mwamuzi. Sharti likawa moja: atakayegusa kinywaji kwanza, kashindwa.

Duru ya kwanza ilikuwa ya kijungujiko, zile pilipili ndefu za kijani zinazobabuliwa kwenye kikaango kikavu mpaka ngozi inaota madoa. Tamu kwa kweli. Nilikula na nyongeza. Nikasikia mtu nyuma anasema "lihai, lihai", hodari, hodari, na ushamba wangu ukaanza pale pale. Nikakunja mikono ya shati.

Duru ya pili zikaja zile ndogo nyekundu ambazo zikiota zinatazama juu, na jina lake linasema hivyo hivyo, zinazoelekea mbinguni. Mbichi. Zimetoka kuchumwa nyuma ya jiko. Ami akaweka mdomoni, akatafuna huku ananitazama machoni, akameza, akafungua mdomo kuonyesha kweupe. Mimi nikaweka. Sekunde ya kwanza hakuna kitu, majani tu. Nikatabasamu kwa Bibi. Lile tabasamu lilikuwa bado lipo usoni moto ulipowasha, na nikashindwa kulishusha, likabaki pale limekauka huku machozi yanapita juu yake.

Waliosoma wanasema hakuna kinachoungua. Kwenye ulimi kuna vipokezi vilivyowekwa kupiga kelele ukigusa kitu cha moto, kuanzia nyuzi 43 hivi, na ile kemikali ya pilipili, kapsaisini, inavibonyeza vile vile. Ubongo unaarifiwa kwamba nyumba inaungua, unatuma maji kila upande: macho, pua, kichwa. David Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kugundua hicho kipokezi, na sina kinyongo naye. Ila ningekuwa mimi ndiye jopo, sehemu ya hela angewagawia mashahidi.

Kilichonishangaza ni masikio. Hakuna aliyewahi kuniambia pilipili inashuka masikioni. Nilisikia mlio mwembamba ndani ya sikio la kushoto, na kupitia mlio ule nikamsikia rafiki yangu, Mungu amjalie kwa nia yake, anapaza sauti: "Ngojeni! Huyu hajazoea za kwetu. Aletewe za kwao!"

Akaenda kuleta chupa.

Iliwachukua watu wawili kuifungua. Kanga ikavuliwa, nailoni ikakatwa kwa kisu cha jikoni, kifuniko kikalia, na harufu ikatoka ikatembea chini ya turubai. Harufu ile kwangu ni mchana wa Tanga, wali na samaki. Ami akainusa, akasema inanukia tunda. Ni kweli, inanukia tunda. Ndiyo hila yake.

Tangu mwaka 1912 pilipili zina kipimo chake cha ukali, cha Mmarekani mmoja mfamasia, Wilbur Scoville. Zile za kuelekea mbinguni zinahesabiwa kwa makumi elfu. Pilipili mbuzi ni ukoo mmoja na habanero, na hiyo inaanza 100,000 inakwenda mpaka 350,000. Haya nimeyasoma baadaye, nikiwa na muda na pakiti ya maziwa. Pale chini ya turubai nilijua jambo moja tu, kwamba kwetu, kuipasua ile kitu, mtu anatukanwa.

Ami alichagua ya njano, nene. Aliichukua kwa vijiti, akainyonya ndimu yake kwanza, akasifu, halafu akaiingiza nzima. Nami nikaiingiza nzima, maana Shangazi alikuwa ananitazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya soya.

Kwa muda kidogo tulikuwa watu wawili tunaotafuna.

Kisha Ami akaacha kutafuna. Akaweka vijiti chini, sambamba, taratibu, kwa adabu kubwa. Akatazama mkono wake kama vile ni wa mtu mwingine. Shingo ikaanza kuwa nyekundu kuanzia kwenye kola, ikapanda, ikapita masikio, ikafika kwenye upara, na pale juu ya upara jasho likatokea kwa vitone, kitone kitone, kila kimoja mahali pake. Akataka kusema. Ikatoka kwikwi. Akajaribu tena, kwikwi. Lile sauti la lori likawa kwikwi tupu.

Mimi sikupata nafasi ya kufurahi. Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi, nimeshika nguzo ya turubai, midomo siisikii tena kama ni yangu. Nikaashiria maji. Kushindwa, nimeshindwa, andikeni, leteni maji. Na yale maji yakaletwa mbio na shangazi mmoja mwenye huruma, kwenye kikombe cha bati chenye kifuniko.

Ya moto.

Anayeijua China anajua. Ukiumwa kichwa, maji ya moto. Ukivunjika mguu, maji ya moto. Nilikunywa kabla akili haijanikumbusha, na kile kilichotokea ndani ya mdomo wangu sitakieleza, kuna watoto wanasoma. Hata yangekuwa ya baridi yasingefaa, kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, inasambaa tu iende isikokuwa imefika. Ami yeye alikimbilia pombe yao kali nyeupe, funda moja, na pale akaanza kutembea akizunguka meza.

Dawa ni maziwa. Ndani ya maziwa kuna protini inaitwa kasini, inaikamata kapsaisini na kuiondoa kwenye vile vipokezi. Lakini nenda katafute maziwa kwenye kijiji cha Hunan, katikati ya karamu. Nikageuza macho uani kote. Yalikuwepo maziwa sehemu moja tu: kichupa kidogo, yale matamu ya watoto, na kilikuwa mdomoni mwa mtoto wa miaka minne.

Nikachuchumaa mbele yake. Kichina changu siku nzuri ni cha kuombea nauli. Siku ile ulimi umevimba, toni zote nne zimekuwa moja. Nikanyoosha kidole kwenye kichupa. Akakirudisha nyuma ya mgongo. Nikatoa yuan kumi. Akaitazama bila haja. Kisha akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu nashuka kwenye gari: kwetu kuna simba?

Nikatikisa kichwa kwa nguvu, kuna. Akataka kuona.

Picha elfu kadhaa kwenye simu na simba hakuna hata mmoja. Miaka yote Tanzania, mbuga ya Saadani iko pale pale karibu, hatujawahi kwenda, tunangoja Wazungu waende. Machozi yanadondoka kwenye kioo, napangusa, natafuta, nikampata paka wa Shangazi. Wa rangi ya machungwa. Kalala juu ya gunia. Nikampa.

Mtoto akamwangalia yule paka kwa makini. Akamkuza kwa vidole viwili, bila shaka kafundishwa na Bibi, akamkuza, akamkuza, mpaka uso ukajaa kioo kizima na gunia likapotea. Akaridhika. Akatoa kichupa, akanisogezea mrija, lakini chupa hakuiachia. Aliishika mwenyewe, akahesabu, akavuta. Funda moja. Lilikuwa funda tamu kuliko yote niliyowahi kunywa tangu niachishwe ziwa. Ami alipoona, akaja naye akachuchumaa. Akanyimwa. Hana simba.

Ndipo tukakumbatiana. Sijui nani alianza. Tuliingia sebuleni kutafuta feni, tukajikuta tumeketi kwenye benchi chini ya babu, yeye kaniegemea begani anapiga kwikwi, mimi nimemshika mgongo, wote wawili tunalia machozi ya kweli, pua zinachuruzika, na akina mama wawili wametuzunguka wanatupepea kwa vifuniko vya maboksi. Rafiki yangu akapiga picha.

Hapa niwaeleze habari ya Mama. WhatsApp kule haifunguki bila VPN, kwa hiyo Mama alibidi awekewe WeChat, na alipowekewa akafanya urafiki na huyu rafiki yangu, anamwita mwanangu Mchina, wanatumiana maua kila asubuhi. Rafiki akamtumia ile picha. Bila maneno. Akaweka tu vile vikatuni vya njano vya kucheka mpaka machozi, mstari mzima.

Mama yangu vile vikatuni anajua ni vya kulia. Anaona machozi, anasema wanalia. Amevituma kwenye misiba yote ya mtaa wetu na hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Liuyang ilikuwa saa saba mchana, Tanga saa mbili asubuhi. Mama anakunywa chai. Anafungua simu, anamwona mwanawe analia, Mchina mtu mzima analia, wanawake wanapepea, nyuma yao ukutani picha ya mzee nyeusi na nyeupe na udi unafuka. Niambieni, ungekuwa wewe ungesemaje?

Kabla hajanipigia akairusha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Niliyasoma yote usiku ule nilipopata mtandao. Mama: "Jamani kuna msiba huko China kwa yule mwenyeji wake." Inna lillahi zikamiminika. Binamu mmoja akauliza kama inafaa kumsomea asiye Mwislamu, ikazuka mada, ikazimwa. Mtu akauliza mbona wengine wamevaa nyekundu. Shangazi akajibu: "Kila watu na mila zao." Na baba mdogo, ambaye ni mweka hazina wa ukoo kwa kujichagua, akaandika: "Mtoto wetu asionekane hana kwao. Tuchangie chochote. M-Pesa ni ileile."

Kisha Mama akapiga video. Simu alikuwa nayo mtoto, bado yuko na simba wake, akabonyeza kijani. Kwa hiyo kitu cha kwanza Mama alichokiona moja kwa moja kutoka China ni dari, kisha marehemu, kisha marehemu kwa karibu zaidi, maana mtoto alikuwa anatembea. Na sauti za kwikwi kwa nyuma. Nilipoipata simu, Mama ameshavaa mtandio.

"Mwanangu, nimeona. Poleni sana."

Nikataka kusema hapana Mama, ni pilipili. Midomo ikagoma. Ilitoka "mmh".

"Lia tu baba, usijizuie."

"Mmh! Mmh-mh!"

"Najua. Najua. Alikuwa anakupenda?"

Hapo ndipo wakawasha fataki za Bibi. Ni Liuyang, hawafanyi mchezo. Uani kukalipuka, mlio mmoja juu ya mwingine, moshi ukaingia dirishani, Ami akaruka kwenye benchi. Nikamwona Mama amejishika kifua.

"Na mizinga wanampigia," akamwambia mtu pembeni. "Alikuwa mkubwa serikalini huyo."

Bibi akaja kuona nazungumza na nani. Akamtambua mama mwenye bangili. Akachukua simu kwa mikono miwili, anacheka, anapunga. Mama akamwinamia. "Shikamoo mama. Mungu awape subira, kazi yake haina makosa." Bibi akaitikia kwa Kichina, kwa furaha kubwa, akamwonyesha keki. Mama akanong'ona, na mimi nilimsikia vizuri kabisa: "Mjane ana moyo huyu."

Rafiki yangu ndiye aliyeniokoa, maana ulimi wangu ulirudi kazini jioni. Aliokota Kiswahili chake chote alichofundishwa na mimi, akajumlisha na Kiingereza, akamweleza Mama kwamba hakuna aliyekufa leo, ni pilipili za Shangazi, na babu kafariki kweli lakini mwaka 1998.

Mama alinyamaza kidogo. "Basi pole zangu zichukueni hivyo hivyo. Sikuwa nimewapa."

Bibi alipotafsiriwa hilo hakucheka kama wengine. Alinyanyuka akaenda akachoma udi mwingine, akasimama pale akamweleza mumewe maneno marefu, na nikasikia "Feizhou", Afrika, mara mbili. Akarudi na bahasha nyekundu, nimpelekee Mama. Ami, kwikwi zimeanza kuachana, akaomba ile chupa ibaki. Sasa anaila. Anachukua ya Shangazi, anaikata vipande vyembamba, kipande kimoja kwa siku, na majirani wanaitwa waje watazame. Ameshaniambia nimwagizie. Nikamwambia Rwanda wanawauzia Wachina pilipili kavu tangu mwaka 2021, si anunue hizo hapo hapo Changsha. Hataki. Anataka za yule mama wa kwenye kigoda.

Na tulipiga picha ya ukoo siku ile ile, watu wote kwenye ngazi, Bibi katikati, nikalazimishwa kuingia. Imechapishwa kubwa, imewekwa sebuleni. Niko mstari wa nyuma, mdomo umetangulia uso, na pembeni yangu Ami kafumba macho. Mbele yetu mtoto kashika kichupa.

Rambirambi zilifika shilingi 137,000. Shangazi alitaka zimrudie, zinunuliwe pilipili za kumpelekea Ami. Mama akasema hela ya msiba hairudi, isomewe hitima. Binamu wa ile mada akafufuka. Baba mdogo akaandika tutulie, hela iko salama, anaandaa hesabu, ila kuna makato ya kutolea, na kuna nauli ya yeye kwenda kuuliza mahali. Kisha akauliza kama ile bahasha nyekundu nayo ipitie kwake.